Nyota Zilizosomwa Kabla ya Kuonekana

Mashariki ya kitovu cha Johannesburg, juu ya mgongo wa mawe wa Witwatersrand, upo mtaa uitwao Observatory. Jina hilo halikutokana na mtu wala na shamba la kale. Lilitokana na kituo cha kutazamia nyota kilichojengwa kilimani hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1903 serikali ya koloni la Transvaal ilianzisha idara ya hali ya hewa na kumkabidhi Robert Innes, mzaliwa wa Edinburgh aliyejifunza elimu ya nyota mwenyewe, na ambaye aliwahi kuwa mfanyabiashara wa mvinyo huko Sydney. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa ya mvua na upepo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyota, na taratibu kituo chake kikafuata moyo huo. Mwaka 1912 kikapewa jina la Union Observatory.

Mwaka 1915 Innes alilinganisha mabamba mawili ya kioo yenye picha za kipande kimoja cha anga, moja iliyopigwa mwaka 1910 na nyingine mwaka huo wa 1915. Kati ya maelfu ya vitone vilivyotulia, kimoja hafifu kilikuwa kimesogea. Kilisogea kama inavyosogea Alpha Centauri, nyota angavu iliyo jirani yake. Baadaye Innes alikipa jina la Kilatini Proxima, yaani iliyo karibu kabisa, na jina likawa la haki: Proxima Centauri, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.24, ndiyo nyota iliyo karibu zaidi na jua letu.

Ugunduzi huo husimuliwa kama habari ya darubini na kamera. Unao pia upande wa vitabu. Alpha Centauri ilikuwa imeandikwa kwa Kilatini mjini Toledo tangu mwaka 1175. Kwa zaidi ya miaka 300 waandishi wa Paris, Oxford na Bologna waliinakili katika orodha zao, wakiandika mahali ilipo na kiasi cha mwanga wake, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuiona kutoka mjini kwake. Upeo wa macho uliwaficha. Kwa hiyo anayesoma fasihi, sanaa na dini ya Ulaya ya Zama za Kati akiwa Johannesburg anaisoma chini ya anga ambayo Ulaya ile iliijua kwa kusimuliwa tu. Nafasi hiyo inafaa kupimwa thamani yake, hasa wakati huu ambapo vyuo vya Afrika vinaulizwa, na vinajiuliza vyenyewe, kwa nini viendelee kufundisha mambo ya Ulaya ya kale.

Kitabu kilichozunguka

Orodha iliyonakiliwa Toledo haikutungwa Toledo. Ilitungwa Alexandria, katika Afrika ya kaskazini, na Claudius Ptolemy katikati ya karne ya 2. Aliandika kwa Kigiriki, akaorodhesha nyota 1,022 katika makundi 48. Kutoka Alexandria nyota za kundi la Kentauri, kiumbe wa hekaya za Kigiriki aliye nusu mtu na nusu farasi, zilionekana zikipita chini chini juu ya upeo wa kusini. Zama hizo zilionekana vizuri kidogo kuliko leo, kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole na kuzisogeza nyota karne hadi karne. Alpha Centauri iliwekwa mwishoni mwa mguu wa mnyama huyo.

Katika karne ya 9 kitabu cha Ptolemy kilitafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad zaidi ya mara moja, kikapata jina ambalo hakikuwa nalo kwa Kigiriki: al-Majisti. Wataalamu waliokisoma hawakukipokea kama msahafu. Mwaka 964 Abd al-Rahman al-Sufi alikamilisha kitabu chake cha nyota zisizotembea, akapitia orodha ya Ptolemy nyota kwa nyota, akaisahihisha palipohitaji na kuchora kila kundi kwa picha mbili: kama linavyoonekana angani na kama linavyoonekana kwenye tufe. Michoro hiyo ni ya historia ya sanaa sawasawa na ilivyo ya historia ya sayansi. Picha za makundi ya nyota zilizotengenezwa Ulaya katika karne zilizofuata, pamoja na zile za kazi zilizosimamiwa na Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castile katika karne ya 13, zinadaiwa mengi na kalamu ya al-Sufi.

Gerard wa Cremona, Mwitalia, alihamia Toledo kwa ajili ya kitabu hicho. Wanafunzi wake waliandika baada ya kifo chake mwaka 1187 kwamba mapenzi yake kwa al-Majisti, ambacho hakukipata kwa Kilatini, ndiyo yaliyompeleka huko. Alipofika na kuona wingi wa vitabu vya Kiarabu, alijifunza lugha hiyo na kutafsiri hadi mwisho wa maisha yake. Kazi zinazohesabiwa kuwa zake ni zaidi ya 70. Mwingereza Daniel wa Morley, aliyefika Toledo siku hizo, alitaja jambo ambalo wanafunzi hawakulitaja: Gerard alitafsiri al-Majisti akisaidiwa na mtu aitwaye Galippus, Mkristo wa Toledo aliyekulia katika Kiarabu. Jina hilo ni Ghalib lililovishwa Kilatini. Bila ya sentensi ya Daniel, Ghalib angetoweka kabisa, kama walivyotoweka wakalimani wengi waliosimama kati ya lugha mbili huku sifa ikienda kwa aliyeshika kalamu.

Msomaji wa historia ya Kiswahili anaitambua hali hiyo. Nyuma ya kamusi na sarufi za mwanzo zilizochapishwa na wamisionari wa karne ya 19 walikuwako walimu wa Mombasa na Zanzibar waliotoa maneno, maana na mifano, na majina yao ni machache kwenye kurasa za mbele. Historia ya tafsiri katika Ulaya ya Zama za Kati inafundisha namna ya kuwatafuta watu wa aina ya Ghalib: katika barua za wageni, katika pembezo za hati, na katika makosa yenyewe ya tafsiri.

Nukta moja

Makosa yana thamani kwa sababu hubaki pale usahihi unapopita bila kuonekana. Nyota nyekundu iliyo katika kundi la Orion huitwa Betelgeuse katika lugha nyingi za Ulaya. Kwa Kiarabu ilikuwa yad al-jawza, mkono wa Jauza. Mahali fulani njiani herufi ya kwanza, yenye nukta mbili chini yake, ilisomwa kama ile yenye nukta moja. Ya ikawa ba, na mkono ukaacha kuwa mkono. Yeyote aliyepata kusoma utenzi wa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, akabishana na nukta iliyofifia kwenye karatasi iliyoliwa na mchwa, anajua jinsi maana nzima inavyoweza kuning'inia kwenye alama ndogo kama punje ya mtama.

Neno zenith lina kisa kama hicho. Waarabu walisema samt ar-ra's, njia ya kichwa, yaani sehemu ya anga iliyo juu kabisa ya mtazamaji. Katika Kilatini samt likaandikwa cemt, na mnakili mmoja au zaidi wakasoma m kuwa ni, ndipo likazaliwa cenit. Kiswahili hakikuazima neno hilo. Kina lake, utosi, na kila anayesema jua la utosini anatumia taswira ile ile ya kichwa cha mtu aliyesimama chini ya anga.

Penginepo Kiswahili na Kilatini viliazima neno lile lile, kila kimoja kwa njia yake. Leonardo wa Pisa, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Fibonacci, alijifunza hesabu za tarakimu katika bandari ya Bugia, katika Algeria ya leo, na katika kitabu chake cha mwaka 1202 akaandika neno sifr kuwa zephirum. Kutoka hapo likapatikana zero. Mtoto wa Tanga anayesema sifuri yuko karibu na asili ya neno kuliko mtoto wa Pisa. Tabibu wa Baghdad wa karne ya 11, Ibn Butlan, aliandika kitabu cha afya kilichopangwa kwa majedwali na kukiita Taqwim. Kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 13, na mwishoni mwa karne ya 14 matajiri wa Lombardia waliagiza nakala zenye picha za bustani, masoko na majiko, ambazo leo ni hazina ya anayetaka kujua watu wa kawaida walikula nini na walivaa nini. Kwa Kiitaliano neno hilo limebaki taccuino, daftari dogo la mfukoni. Kwa Kiswahili ni takwimu, lililokuwa na maana ya kalenda na sasa hutajwa kila siku na maofisa wa serikali.

Tena kuna saratani. Ni kaa wa angani, mmoja wa buruji 12 za falaki, na ni ugonjwa. Kilatini kilimwita kaa huyo cancer na ugonjwa huo cancer. Lugha zote mbili zilirithi fikra ya matabibu wa Kigiriki walioona uvimbe wenye mishipa iliyotanda kama miguu ya kaa. Daktari wa hospitali ya Dar es Salaam anayemweleza mgonjwa wake kwa Kiswahili anatamka sitiari iliyopita Alexandria na Baghdad.

Inafaa kujihadhari hapa. Maneno haya hayathibitishi kwamba pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na Toledo yake katika karne ya 12. Kilatini kilipokea elimu hiyo kwa wingi, katika muda mfupi, na kwa njia ya vitabu. Kiswahili kiliipokea kwa karne nyingi, kwa njia ya bahari, msikiti na soko, na hati zake za falaki tulizonazo ni za zama za karibu zaidi. Yanachothibitisha ni uhusiano wa aina nyingine. Wakoloni waliifundisha Afrika kuiona Ulaya kama mzazi wa elimu na kuiona Afrika kama mtoto aliyechelewa shule. Msamiati unaonyesha ndugu wawili waliochota maji katika kisima ambacho hakuna kati yao aliyekichimba.

Nyota nne za Dante

Pwani ilikuwa na jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikuwa nalo, yaani kuiona anga yenyewe. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waligawa upeo wa macho katika nyuzi 32, wakaziita kwa majina ya nyota zinapochomoza na kuzama. Mojawapo iliitwa al-Himaran, Punda Wawili, nayo ni Alpha Centauri na mwenzake Beta Centauri. Nyota ile ile ambayo kwa Ptolemy ni mguu wa Kentauri, kwa nahodha anayeelekea kusini ilikuwa punda wa kumwonyesha njia. Ahmad ibn Majid, baharia na mshairi wa karne ya 15, alitunga kwa mashairi maelekezo ya safari hadi Sofala. Kiswahili kimehifadhi baadhi ya msamiati huo: jahi, nyota ya kaskazini na kaskazini yenyewe, suheli, nyota ya kusini na kusini yenyewe, matlai, upepo utokao jua linakochomoza.

Ulaya ilikosa macho ya kuona kusini, ikaijaza kwa kufikiri. Ramani kubwa iliyochorwa Uingereza karibu na mwaka 1300, na ambayo bado imo katika kanisa kuu la Hereford, imepanga kwenye ukingo wa Afrika watu wa ajabu, wakiwamo wasio na vichwa wenye nyuso vifuani. Katika miongo hiyo hiyo masultani wa Kilwa walikuwa wakijenga Husuni Kubwa kwa mawe ya matumbawe, na mwaka 1331 Ibn Battuta alifika mjini hapo, akausifu uzuri wake na ukarimu wa sultani wake. Ramani ya Hereford hailaumiwi kwa kutojua. Inasomwa ili kuelewa jinsi jamii inavyopanga hofu na imani zake mahali isipofika.

Dante alifanya jambo la hali ya juu zaidi kwa ujinga huo huo. Katika sehemu ya pili ya Divina Commedia, msafiri anapotoka Jahanamu na kufika upande wa pili wa dunia, anatazama ncha ya kusini na kuona nyota nne ambazo hazikuonwa na yeyote tangu wanadamu wa kwanza. Mwangaza wake unaifurahisha anga, naye anaihurumia kaskazini kama mjane aliyenyimwa kuziona. Wafasiri walizielewa kama fadhila nne: busara, haki, ujasiri na kiasi. Wengine wameziona kuwa ndizo Msalaba wa Kusini, ulio jirani na Punda Wawili. Dante hakuhitaji kuchagua. Alikuwa amesoma elimu ya anga katika tafsiri ya Kilatini ya al-Farghani, ambaye humtaja kwa jina katika kitabu chake Convivio, na alijua kwamba dunia ni tufe na kwamba upande wa pili lazima uwe na nyota zake. Mahali hisabati ilipomwachia nafasi tupu, aliweka maadili.

Hati ya shairi hilo iko Afrika Kusini. Sir George Grey, gavana wa koloni la Rasi aliyeondoka mwaka 1861, aliacha Cape Town maktaba yake, na ndani yake zimo hati zaidi ya 100 za Ulaya za Zama za Kati na za Mwamko, ikiwamo nakala ya Divina Commedia. Grey alikuwa mtawala wa kikoloni, na ukusanyaji wake hautenganishwi na utawala wake. Lakini tokeo lake lina kejeli ambayo Dante angeipenda: shairi linaloihurumia kaskazini kwa kukosa nyota za kusini limehifadhiwa chini ya nyota hizo, katika nchi ambayo mtu anayefunga kitabu usiku anaweza kutoka nje na kuzitazama.

Maaskofu, mwezi na mwali wa moto

Zama za Kati za Ulaya hazikuwa zama za wanazuoni tu. Elimu ya nyota iligusa sala, kilimo na madaraka, na kwa sababu hiyo ilikuwa na hatari. Sikukuu ya Pasaka ilifuata mwezi na jua kwa pamoja, na kuihesabu kulihitaji taaluma maalumu ambayo Bede, mtawa wa kaskazini mwa Uingereza, aliiandikia kitabu mwaka 725. Kufikia karne ya 13 kalenda ilikuwa imepotoka kwa siku kadhaa. Mwaka 1267 Roger Bacon alimwandikia Papa Clement wa Nne kwamba Wakristo wanaiadhimisha Pasaka siku isiyo yake, na kwamba ni aibu mbele ya wajuzi wa Kiarabu na wa Kiyahudi wanaoliona kosa hilo. Marekebisho yalikuja mwaka 1582, baada ya zaidi ya karne tatu. Mswahili aliyesikia mabishano ya mwandamo wa mwezi kila inapokaribia Ramadhani, kama ufuatwe ulioonekana nyumbani, ulioonekana Makka, au uliohesabiwa na wanafalaki, hatashangazwa na ucheleweshaji wa Roma. Anajua kwamba swali la tarehe hubeba ndani yake swali la nani ana mamlaka ya kuitangaza.

Mwaka 1277 Étienne Tempier, askofu wa Paris, alipiga marufuku kauli 219 zilizokuwa zikijadiliwa chuoni, nyingi zikihusiana na falsafa ya Aristotle na wafafanuzi wake wa Kiarabu. Tukio hilo hutajwa kama mfano wa kanisa kuzima fikra, na kwa sehemu kubwa ndivyo lilivyokuwa. Hata hivyo moja ya kauli zilizokatazwa ilisema kwamba Mungu hawezi kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja. Kwa kuikataza, askofu aliyetaka kulinda uwezo wa Mungu aliwalazimisha wanafalsafa kukubali kwamba ulimwengu mwingine unawezekana. Walijadili jambo hilo kwa karne mbili wakiwa hawana hata darubini. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza sayari inayozunguka Proxima Centauri, nyota ya Innes. Si halali kuunganisha matukio hayo kwa uzi wa sababu na matokeo. Ni halali kukumbuka kwamba wazo la ulimwengu mwingine lilianza kuchimbwa kwa zana za hoja kabla ya zana za kioo.

Wengine walilipa kwa maisha. Cecco d'Ascoli alifundisha elimu ya nyota huko Bologna, akaandika ufafanuzi wa kitabu cha shule cha Sacrobosco kuhusu tufe, na katika shairi lake akathubutu kumkosoa Dante. Mwaka 1327 alichomwa moto mjini Florence, akihukumiwa kwa mafundisho ya unajimu ambayo mahakama ya kanisa iliyaona kuwa uzushi. Anayezisifu Zama za Kati kwa makanisa yake na mashairi yake bila kumtaja Cecco anasifu nusu ya jengo.

Lugha ya mtoto wa miaka kumi

Mwaka 1391 Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza, aliandika kitabu kisicho cha kishairi. Kilikuwa maelezo ya astrolabu, chombo bapa cha shaba cha kupimia kimo cha nyota na kusomea saa, na alikiandika kwa ajili ya mwanawe Lewis aliyekuwa na umri wa miaka kumi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafuata kitabu cha Kilatini kilichonasibishwa na Mashallah, mtaalamu wa Baghdad wa karne ya 8. Katika utangulizi Chaucer anajitetea kwa kutotumia Kilatini. Wagiriki, anasema, walisoma mambo haya kwa Kigiriki, Waarabu kwa Kiarabu, Wayahudi kwa Kiebrania na Walatini kwa Kilatini. Basi Kiingereza chepesi kinamtosha mtoto wake, kwani ukweli ni ule ule, kama njia mbalimbali zinavyofika Roma. Kuhusu yeye mwenyewe anasema kwamba hakubuni lolote. Amekusanya tu jasho la wataalamu wa kale.

Kiingereza kilikuwa wakati huo lugha ya pili katika nchi yake yenyewe. Kilatini kilitawala chuo na kanisa, Kifaransa kilikuwa na heshima mahakamani na barazani. Hoja ya kwamba lugha ya mama haina msamiati wa sayansi, ambayo leo hutolewa dhidi ya Kiswahili, ilikuwa hoja dhidi ya lugha ambayo leo hutolewa kuwa badala ya Kiswahili. Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, na tangu hapo mtoto anayevuka kuingia sekondari huachana nacho mlangoni. Katika mjadala huo mrefu, kitabu kidogo cha Chaucer ni shahidi ambaye huitwa mara chache. Anashuhudia kwamba lugha haingoji istilahi zikamilike ndipo ifundishe. Huzipata kwa kufundisha, ikiazima bila aibu, na huanza na mtoto mmoja ambaye baba yake hakutaka asubiri.

Kilimani, mwezi wa Juni

Mwaka 2015, miaka 100 baada ya ugunduzi wa Innes, wanafunzi wa Afrika Kusini waliweka swali la elimu ya kikoloni mezani kwa nguvu mpya. Sanamu ya Cecil Rhodes iliondolewa Chuo Kikuu cha Cape Town mwezi Aprili, na mwezi Oktoba maandamano ya kupinga ada yakaanza Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kilomita chache kutoka Observatory. Masomo ya Ulaya ya Zama za Kati yako miongoni mwa yale ambayo ni rahisi kuyakata. Hayana watetezi wengi, na wanaoyatetea hujikwaa wanaposema kwamba ni urithi wa wanadamu wote, kauli ambayo mwanafunzi aliyefundishwa kuwa babu zake hawakuwa na historia ana kila sababu ya kuitilia shaka.

Utetezi ulio imara zaidi hauko kwenye utukufu wa Ulaya. Uko kwenye udogo wake. Katika karne ya 12 na ya 13 Ulaya ya Kilatini ilikuwa mwanafunzi: ilisafiri kwenda kutafuta vitabu vya wengine, ilikosea nukta, ilitegemea wakalimani, ilibishana na maaskofu wake kuhusu kipi kiruhusiwe. Anayeisoma katika hali hiyo anaondoa msingi wa hadithi ya kikoloni, iliyodai kwamba elimu ilizaliwa kaskazini na kuletwa kusini kwa meli. Kuliacha somo hili mikononi mwa wanaolipenda kwa sababu ya hadithi hiyo ni kuwaachia ushahidi wanaouficha. Na kulisoma kutoka Johannesburg, kwa mtu anayejua Kiswahili, kuna faida ambayo msomi wa Oxford hana: maneno ya kitabu cha Toledo yamo kinywani mwake, na nyota za Dante ziko juu ya paa lake.

Watu kama hao wapo. Yeoville, mtaa unaopakana na Observatory, umekuwa makazi ya wahamiaji wengi wa Kongo tangu miaka ya 1990, na miongoni mwao wamo waliokulia katika Kiswahili cha Bukavu, Goma na Lubumbashi. Walipofika walikuta kwamba majirani zao Wazulu na Waxhosa huita kilimia kwa jina la isiLimela, na Wasotho huliita Selemela. Ni neno moja la Kibantu lenye mzizi wa kulima, kwa maana kuonekana tena kwa nyota hizo ndiko kulikomwambia mkulima ashike jembe. Neno hilo halikupita Baghdad wala Toledo. Lilitembea kwa miguu, pamoja na mbegu.

Usiku wa Juni, wakati baridi inapoteremka juu ya mgongo wa Witwatersrand, Punda Wawili husimama juu sana kusini mapema usiku, na Proxima iko karibu nao, hafifu mno kwa macho matupu. Kabla ya alfajiri, upande wa kaskazini-mashariki, kilimia huchomoza upya baada ya kupotea ndani ya mwanga wa jua. Kati ya saa hizo mbili, anga moja inasomwa kwa majina ya mabaharia, ya watawa, ya washairi na ya wakulima, na jumba la Innes lingali kilimani chini yake.